Ukaguzi wa mabwawa kuukuu Arusha na Moshi: huduma tatu, na pesa yako inakokwenda

Mashamba ya kahawa, ya maua na ya mifugo yanayozunguka Meru na Kilimanjaro yana mabwawa mengi ya udongo ya kurithi. Aliyelijenga hayupo, michoro haipo, na bomba lililolazwa chini ya tuta halijaonwa na mtu tangu siku lilipofukiwa. Mwenye shamba wa leo anaona maji, perege na bata. Masika yakikaribia ndipo anapoanza kuulizia mtu wa kulikagua.

Watu wa kukagua wapo, Arusha na Moshi kote. Shida ni kwamba chini ya jina hilo moja, "ukaguzi wa bwawa", zinauzwa kazi tatu tofauti kabisa: kupiga picha kwa droni, kupima tuta kwa umeme, na ukaguzi wa mhandisi anayetembea kwa miguu na kuingiza kamera kwenye bomba. Hapa tunazipima zote kwa swali moja: ukishalipa, utajua kama tuta lako litavuka masika yajayo?

Hatuzungumzii Nyumba ya Mungu. Bwawa lile, lililojengwa miaka ya 1960 pale Kikuletwa na Ruvu zinapokutana, lenye mitambo ya megawati 8, lina wahandisi wake. Tunazungumzia tuta la udongo la mita 4 hadi 10, mali ya shamba, kijiji, shule au misheni, ambalo mwenye kulijua zaidi ni mlinzi.

Kwanza ieleweke tuta la udongo linakufaje. Rekodi za mabwawa makubwa ya udongo duniani zinaonyesha kwamba karibu nusu ya yaliyovunjika yalifunikwa na maji juu ya mgongo, yaani sehemu ya juu kabisa ya tuta, na karibu nusu nyingine yaliliwa kwa ndani: maji yalipata njia ndani ya tuta au chini yake, yakabeba udongo punje kwa punje mpaka likabaki pango. Kuporomoka kwa mteremko kunakuja mbali sana nyuma ya hayo mawili. Kwa hiyo ukaguzi usiogusa utoro wa maji (mfereji unaotolea maji ya ziada bwawa likijaa) na usiogusa maji yanayochuruzika chini ya tuta haujagusa ugonjwa, hata ripoti iwe na kurasa 80.

Droni: 2 kati ya 5

Kazi ni ya nusu siku na matokeo yanavutia macho: ramani ya rangi, picha ya bwawa zima, pengine na video. Faida yake ya kweli iko upande wa chini wa bwawa. Ramani inakuonyesha nyumba zilizoota kwenye njia ya maji tangu tuta lijengwe, kivuko cha watoto wa shule, barabara, kisima cha kijiji. Hatari ya bwawa inapimwa kwa kilicho chini yake. Tuta la mita 5 lenye kitongoji mbele yake linahitaji uangalizi kuliko la mita 10 linalomwagikia mbugani. Bwawa la Solai, kaunti ya Nakuru, lililopasuka usiku wa tarehe 9 Mei 2018 na kuua watu wasiopungua 47, lilikuwa bwawa la udongo la shamba binafsi, la aina hii hii.

Inapokwama ni kwenye urefu. Droni inapima juu ya majani. Mgongo wa tuta ukiwa umezama sentimita 20 mahali pamoja, na nyasi pale zina sentimita 40, ramani itakuonyesha mgongo ulionyooka. Na pale palipozama ndipo maji yatakapovukia kwanza. Ukiletewa ripoti ya droni inayosema tuta liko sawa, uliza nyasi zilikuwa na urefu gani siku hiyo. Uliza pia kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga, maana kiwanja cha Kisongo na KIA haviko mbali na mashamba mengi ya huku.

Maji yanayochuruzika droni ya kawaida haiyaoni. Inaona kijani kibichi wakati wa kiangazi, jambo ambalo mchunga ng'ombe angekuambia bure.

Kipimo cha umeme: 3 kati ya 5, kikifanywa inavyotakiwa

Arusha ina wapimaji wengi wa maji ya visima, na kifaa chao ndicho hicho kinacholetwa kwenye bwawa. Kinapitisha umeme ardhini kupitia vigingi vya chuma na kusoma jinsi udongo unavyoukataa. Udongo uliolowa unapitisha umeme kwa urahisi, mkavu unaukataa.

Tofauti iko kwenye mpango wa vigingi. Kipimo cha kisima kinachungulia chini kwenye nokta moja. Bwawa linataka mstari: vigingi 48 kwa umbali wa mita 2, sawa na mita 94 za mgongo wa tuta, ili upate picha ya mkato mzima hadi kina cha mita 15 hivi. Kisha mstari wa pili kwenye kitako, yaani pale mteremko wa nje unapokutana na ardhi ya asili. Na kazi yote irudiwe mara mbili, bwawa likiwa chini na bwawa likiwa limejaa. Tofauti kati ya vipimo hivyo viwili ndiyo habari. Kipimo kimoja peke yake kinakuambia pana unyevu, na tuta la bwawa lina unyevu siku zote. Mtu akikuuzia nokta tatu juu ya tuta kwa bei ya mkato mzima, amekuuzia kisima.

Bomba la chuma na uzio wa waya vinaharibu usomaji. Mpimaji mzuri atauliza vilipo kabla hajashusha vifaa kwenye gari.

Hapa lipo onyo tunalotaka lisomwe mara mbili. Baada ya kipimo cha umeme, wengine hushauri "tutoboe tuone". Mtambo wa kuchimba visima unaotumia upepo wa kompresa au maji ya presha usikanyage tuta lako. Presha ile inaweza kupasua udongo uliokaa salama miaka 40 na kuyafungulia maji njia ambayo haikuwepo. Tundu likihitajika, linachimbwa kikavu, kwa mkono au kwa auga (keke ya kutobolea udongo), kwa mpango ulioandikwa na mhandisi wa mabwawa, na linazibwa kwa bentonaiti (udongo wa mfinyanzi unaovimba ukilowa) na saruji siku hiyo hiyo kama halikukusudiwa kubaki kuwa bomba la kupimia kina cha maji ndani ya tuta.

Mhandisi wa miguu na kamera ya bomba: 5 kati ya 5, akifanya yafuatayo

Hii ndiyo huduma ya kulipia, na ndiyo inayotofautiana zaidi kati ya mtu na mtu.

Uzito wa kwanza tunaupa bomba la kutolea maji. Wakati wa kujenga, udongo wa pembeni na chini ya tumbo la bomba ni mgumu kushindiliwa, kwa hiyo unabaki legevu. Maji hufuata ngozi ya nje ya bomba kama yanavyofuata mzizi. Wajenzi wa zamani walizungushia bomba kola za zege wakidhani zinaziba njia hiyo, lakini kola zenyewe zilifanya ushindiliaji uwe mgumu zaidi. Wahandisi wa Marekani waliziacha kuanzia miaka ya 1980, wakaweka mahali pake kichujio cha mchanga kinachozunguka bomba upande wa nje wa tuta. Kwa hiyo ukikuta kola kwenye mchoro wa zamani, usilale usingizi kwa ajili yake.

Swali linalofuata ni valvu iko wapi. Mabwawa mengi madogo yana valvu moja tu, ya upande wa nje, pale mfereji unapoanzia. Maana yake bomba limejaa maji ya presha usiku na mchana katikati ya tuta. Chuma kikitoboka kwa kutu, bomba linageuka sindano inayopiga maji ndani ya udongo. Valvu ikiwa upande wa ndani, kwenye mlango wa bomba, bomba linakaa tupu na tundu linaonekana kama maji yanayoingia. Mhandisi asiyeuliza habari ya valvu katika dakika kumi za kwanza, msikilize kwa tahadhari.

Kamera yenyewe ni ile ya mafundi wa mifereji ya maji taka, yenye taa na waya mgumu wa kusukuma. Piga hesabu ya waya kabla hawajaja. Tuta la mita 6, lenye mteremko wa 1 kwa 3 (kupanda mita 1 kwa kila mita 3 za mlalo) upande wa maji, 1 kwa 2.5 upande wa nje, na mgongo wa mita 4, lina upana wa chini wa mita 18 na 15 na 4, jumla 37. Kamera nyingi zinazokodishwa zina waya wa mita 30. Itaishia chini ya uso wa ndani, pale presha ya maji ni kubwa kuliko kote, na ripoti itasema "bomba lilikaguliwa". Dai waya wa mita 50.

Bomba linafungwa upande wa ndani, linaachwa limwagike, kisha maji yanayoendelea kutoka yanapimwa kwa ndoo kabla kamera haijaingia. Lisipokuwa na valvu ya ndani, kazi inangoja kiangazi bwawa likiwa chini ya mlango wa bomba, au mpiga mbizi mwenye ujuzi aje kuliziba. Kijana wa shamba asitumwe kupiga mbizi karibu na mlango wa bomba lililo wazi. Mvuto wake humbana mtu asitoke. Wala mtu asitambae ndani ya bomba lolote kuangalia.

Kwenye picha tafuta maungio yaliyoachana, maji yanayochirizika kuingia ndani, mizizi, chuma kilichobonyea, na hasa kichuguu kidogo cha udongo au mchanga ndani ya bomba chini ya ungio. Kichuguu hicho ni tuta lako linalohamia ndani ya bomba. Kikionekana, mazungumzo ya ripoti yanaahirishwa na bwawa linaanza kushushwa wiki hiyo hiyo.

Bomba bovu si lazima lifukuliwe. La chuma la milimita 200 linaweza kupitishiwa bomba la plastiki ngumu (HDPE) la milimita 160 ndani yake, nafasi iliyobaki katikati ikajazwa uji wa saruji, na upande wa nje ukazungushiwa kichujio cha mchanga. Eneo la maji kupita linashuka hadi karibu nusu, kwa hiyo ratiba ya umwagiliaji itabadilika na mwenye shamba aambiwe mapema. Mchanga wa kichujio ndio unaoharibiwa mara nyingi. Tuta la mfinyanzi linataka mchanga ambao angalau asilimia 15 ya uzito wake ni punje zisizozidi milimita 0.7, na vumbi linalopita chujio la milimita 0.075 lisizidi asilimia 5. Mchanga wa mto unaoletwa na lori mara nyingi una vumbi zaidi ya hapo na unatakiwa kuoshwa. Kitambaa cha kuchujia kisizikwe peke yake badala ya mchanga, kwa sababu kikiziba huko chini hakuna wa kukibadilisha.

Maji yanayochuruzika

Kila tuta la udongo linachuruzika. Mhandisi anayekuambia halitakiwi kutoa hata tone anakutisha bure, na anayekuambia "hiyo ni kawaida" bila kupima anakudanganya. Tunachotaka ni namba.

Njia rahisi ni kukusanya maji yote ya kitakoni kwenye mfereji mmoja na kuweka bati la kupimia lenye pembe ya V ya nyuzi 90. Fundi wa kuchomelea anaweza kulikata kutoka bamba la chuma la milimita 3, kingo zikanolewa upande maji yanakoangukia zibaki na unene wa milimita 1 au 2. Maji yaanguke huru, yasigusane na yaliyo chini. Rula isisimikwe kwenye bati lenyewe, kwa kuwa pale uso wa maji umeshainama. Isimikwe nyuma, umbali wa angalau mara nne ya kina kikubwa unachotarajia. Kina cha sentimita 3 juu ya ncha ya V ni lita 0.2 kwa sekunde. Sentimita 5 ni karibu lita 0.8. Sentimita 10 ni lita 4.4. Angalia jinsi namba zinavyoruka: kina kikiongezeka maradufu, maji yanaongezeka zaidi ya mara tano. Ndiyo maana kusema "yameongezeka kidogo" kwa macho hakutoshi.

Mlinzi asome rula kila wiki na kila siku wakati wa masika, aandike kwenye daftari pamoja na kina cha bwawa na mvua ya siku hiyo. Bwawa likipanda, mchuruziko utapanda, hilo halina neno. Kinachotisha ni mchuruziko kupanda wakati kina cha bwawa kiko pale pale, au kupungua ghafla bila sababu, maana njia inaweza kuwa imehamia mahali pengine.

Rangi ni muhimu kuliko wingi. Jaza chupa ya lita moja, iache usiku kucha, uangalie kilichotua asubuhi. Maji maangavu mengi unaweza kuishi nayo ukiyapima. Maji machache yenye tope ni dharura. Bwawa la Teton, jimbo la Idaho, Marekani, lilikuwa na tuta la mita 93. Asubuhi ya tarehe 5 Juni 1976 yalionekana maji ya tope yakitoka ubavuni, na kabla ya saa sita mchana wa siku hiyo tuta lilikuwa limekatika. Lile lilikuwa jipya, likijazwa kwa mara ya kwanza, lakini mwendo wa ugonjwa ni ule ule: saa, si wiki.

Huduma nzuri inakuachia maelekezo ya siku hiyo. Tundu linalotoa tope halizibwi. Ukiziba, maji yanatafuta pengine na presha inapanda ndani. Unalifunika kwa mchanga, juu yake kokoto, juu yake mawe, ili maji yatoke na udongo ubaki. Mchanga ukisombwa, anza na kokoto kutuliza kasi. Wakati huo huo bomba linafunguliwa na watu wa chini wanaondolewa. Lori moja la mchanga uliooshwa na moja la kokoto yakae karibu na kitako kabla ya Machi, kwa sababu Aprili barabara ya shamba haipitiki. Katika siku za kawaida bwawa lisishushwe zaidi ya sentimita 30 kwa siku, la sivyo uso wa ndani uliolowa unabaki bila maji ya kuuegemea na unaporomoka. Tope likianza kutoka, kanuni hiyo inawekwa kando.

Utoro wa maji

Hapa wakaguzi wengi hupita haraka kwa kuwa hakuna cha kupiga picha. Ni mfereji mpana wenye nyasi. Lakini hesabu yake ni fupi na haisameheki. Utoro wa upana wa mita 10, maji yakiwa na kina cha mita 1 juu ya kizingiti (pale maji yanapoanzia kumwagika), unapitisha takriban mita za ujazo 17 kwa sekunde. Kina kikiwa nusu mita, unapitisha 6 tu.

Sasa chukua jambo linalofanyika kila kiangazi: mwenye shamba anapanga viroba vya mchanga kwenye kizingiti apate sentimita 40 zaidi za maji. Kutoka kizingiti mpaka mgongo wa tuta kulikuwa na mita 1, sasa imebaki 0.6, na utoro uliokuwa na uwezo wa 17 umebaki na kama 8 kabla maji hayajaanza kupanda juu ya tuta. Hajaongeza hata nusu mita ya maji, ameondoa zaidi ya nusu ya usalama. Wavu wa kuzuia samaki wasitoroke unafanya vivyo hivyo: usiku wa mvua unanasa matawi na kuwa ukuta. Mkaguzi asiyepima kina kutoka kizingiti hadi mahali pa chini kabisa pa mgongo, kwa levo ya mpimaji au hata kwa mpira wa maji wa mafundi, kila mita 10, hajakagua utoro.

Udongo, nyufa na miti

Udongo wa ukanda wa tambarare, chini ya Meru na kuelekea Simanjiro, mahali pengine una chumvi ya magadi. Udongo wa namna hiyo huyeyuka ndani ya maji bila kusukumwa, na tuta lililojengwa nao hutoboka kwa nyufa ambazo kwingine zingejifunga zenyewe. Kuupima ni rahisi kiasi kwamba asiyeupima hana udhuru. Chukua kipande cha ukubwa wa punje ya harage kikiwa na unyevu wake wa asili, kiweke taratibu kwenye glasi ya maji ya betri, yaani maji yaliyotoneshwa, si asidi. Usikoroge. Angalia baada ya dakika 10, kisha baada ya saa moja. Kikibomoka tu, sawa. Ukungu ukitambaa kwenye kitako cha glasi kama maziwa, udongo ni wa kuyeyuka. Usitumie maji ya bomba, kwa kuwa chumvi zake huficha ukungu. Chukua vipande mahali pengi, na usisahau udongo uliozunguka mwisho wa bomba. Dawa ya udongo wa kurekebishia mashimo na mifereji ya mvua kwenye tuta ni kuuchanganya na jasi ya unga, asilimia 2 hadi 3 ya uzito wake mkavu, kabla ya kushindilia. Jasi inachimbwa Makanya, wilaya ya Same, kwa hiyo sisi wa kaskazini hatuna sababu ya kuikosa.

Ufa unaokwenda sambamba na mgongo unaweza kuwa wa kukauka au wa mteremko kuanza kuteleza. Ufa unaokata mgongo kutoka upande wa maji kwenda upande wa nje ni wa kuogopwa zaidi, kwa sababu tayari ni mfereji. Mimina chokaa ya maji ndani yake, kisha chimba shimo pembeni ufuate weupe mpaka unapoishia. Sentimita chache za udongo mweusi wa mbuga uliokauka si habari kubwa. Ufa unaoshuka chini ya usawa wa kizingiti cha utoro ni habari kubwa mno.

Miti mikubwa ikikatwa juu ya tuta, mizizi huoza na kuacha mabomba ya asili. Kwa hiyo "kata miti yote" bila kusema visiki na mizizi vitatolewaje na shimo litashindiliwaje ni ushauri nusu. Midogo ing'olewe sasa. Panda ukoka. Mashimo ya nungunungu na mhanga yafukuliwe mpaka mwisho na kujazwa kwa tabaka za sentimita 15 zilizoshindiliwa. Kuziba mlango tu ni kumpa mnyama dari.

Ripoti na sahihi

Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji Na. 11 ya mwaka 2009 ipo, na chini yake zipo kanuni za usalama wa mabwawa. Kabla ya kulipa malipo ya awali, hakikisha mtu wako amesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi na anaruhusiwa kufanya kazi za mabwawa, kisha uliza bodi ya maji ya bonde lako. Kwa Moshi na sehemu kubwa ya Arusha ni Bodi ya Maji Bonde la Pangani, yenye ofisi Moshi. Ukiwa Karatu, au maeneo mengi ya Monduli, uko Bonde la Kati. Ripoti isiyo na jina na muhuri wa mhandisi ni maoni tu.

Ndani yake tunatafuta vitu vichache: kina cha bwawa siku ya ukaguzi, namba ya mchuruziko, kimo cha mgongo kila mita 10, video yote ya bomba (si picha sita zilizochaguliwa), hesabu ya utoro, na orodha ya kazi yenye tarehe: ya wiki hii, ya kabla ya masika, ya mwaka huu. Pia ukurasa mmoja wa dharura wenye namba ya mwenyekiti wa kitongoji, mtendaji wa kijiji, polisi 112 na zimamoto 114, uliobandikwa kwenye kibanda cha mlinzi. Ripoti yenye maneno "ufuatiliaji uendelee" bila kusema nani, lini na kwa kifaa gani, irudishe kwa aliyeiandika.

Muda wa kazi nao ni wa kujadiliana. Wengi hutoa siku mbili mfululizo. Sisi tungezigawa: moja Februari, maji yakiwa chini, uso wa ndani na mlango wa bomba vikionekana, nyingine mwishoni mwa Aprili au Mei, bwawa limejaa, mchuruziko ukiwa kwenye kilele. Ukaguzi wa Februari peke yake unamwona mgonjwa akiwa amelala. Nauli ya mara ya pili ni halali yao, ilipe.

Kama mfuko unatosha jambo moja tu mwaka huu, acha droni, acha umeme. Lipia kamera ya bomba yenye waya mrefu, levo ya mgongo na utoro, na bati la V. Kipimo cha umeme kifuate mwaka wa pili pale tu bati likionyesha mchuruziko unaopanda bila kujulikana unatoka wapi.

Wiki moja kabla hawajaja, fyeka uso wote wa nje na mita 5 mbele ya kitako, nyasi zibaki urefu wa ngumi. Usichome moto. Fukua chemba ya valvu, paka mafuta uzi wake, lakini usilazimishe valvu iliyokwama. Iache mpaka mhandisi awepo, kwa sababu ikivunjika katika hali ya kufunguka hutaweza kuyazuia maji. Mwite pia mzee aliyewahi kuwa mlinzi pale, atembee juu ya tuta pamoja na wakaguzi na awaonyeshe palipokuwa pamelowa mwaka wa mvua nyingi.